Kusoma Kitabu Chote: Rosa Mistika na Huruma ya Mkristo

Kitabu kile kilifika bwenini kwetu bila jalada. Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wavulana. Kilipita kitanda hadi kitanda, kikasomwa kwa tochi baada ya kengele ya kulala, na kila mmoja alikuwa na usiku wake wa zamu. Ukikiweka juu ya blanketi kilifunguka chenyewe mahali pale pale, kwa sababu kurasa zile zilikuwa zimeshikwa na vidole vingi hata zikalegea. Kurasa nyingine zilikuwa safi. Hakuna aliyezihitaji.

Kitabu hicho ni Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Tuliambiwa kwamba kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na hiyo ndiyo hasa sababu tulikitaka. Kwa hiyo nilimfahamu Rosa kwa kurasa kumi hivi. Nilijua kwamba alikuwa msichana aliyelala na wanaume wengi. Ikawa desturi yetu kwamba binti yeyote wa shule ya jirani aliyesemwa vibaya, tulimwita Rosa, tukacheka. Jumapili tulikwenda ibadani, na mimi nilikuwa kiongozi wa wanafunzi wa Kilutheri.

Naeleza haya kwa sababu nataka kuzungumza nanyi, wapendwa, juu ya swali ambalo nimeulizwa mara nyingi usharikani: Je, Mkristo anaweza kusoma hadithi iliyojaa dhambi, na zaidi ya hapo akamhurumia mtenda dhambi aliyemo ndani yake, bila kuichafua imani yake? Mzazi mmoja aliniletea riwaya aliyoikuta chini ya godoro la binti yake, akaiweka mezani kwangu kama mtu anayekabidhi bangi polisi. Alitaka niiteketeze. Sikuiteketeza, na leo nataka kueleza sababu yake. Sababu hiyo haianzii kwenye vitabu. Inaanzia kwa binti mwingine.

Binti aliyepiga magoti

Nilikuwa mchungaji kijana, mwaka wangu wa pili tangu kubarikiwa. Katika mtaa mmoja wa usharika wangu binti wa miaka kumi na tisa alipata ujauzito nje ya ndoa. Wazee wa kanisa walifanya kama ilivyo desturi: jina lake likaandikwa, akazuiwa kushiriki Meza ya Bwana, na baada ya kujifungua akaomba kurudi kundini. Jumapili hiyo alipiga magoti mbele ya usharika wote, mtoto akiwa amebebwa na bibi yake benchi la nyuma. Nilimwuliza maswali yaliyoandikwa, akajibu kila swali kwa sauti ndogo. Nikamwombea, nikamwinua, waimbaji wakaimba. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba nimefanya kazi njema.

Mwaka uliofuata, kwenye msiba, shangazi yake aliketi karibu nami akanieleza mambo ambayo mtaa mzima ulikuwa ukiyajua isipokuwa mchungaji. Mama wa binti yule alifariki alipokuwa darasa la sita. Baba yake alikunywa, na akilewa alimfungia nje usiku. Binti alilala kwa majirani, leo huku, kesho kule. Mtu mmoja mwenye duka alimpa chumba cha kulala na kumlipia ada ya kidato cha nne. Mtu huyo ndiye baba wa mtoto. Na Jumapili ile binti alipopiga magoti, mtu huyo alikuwa ameketi benchi la tatu kutoka mbele, upande wa wanaume, akaimba pamoja nasi.

Nilimwuliza shangazi kwa nini hakuna aliyeniambia. Akanitazama kwa upole, akasema, "Baba Mchungaji, hukuuliza."

Binti yule alikwisha kuhama. Nilisikia kwamba yuko mjini na kwamba hasali tena kwetu. Sijapata kumwona hadi leo. Nilijua dhambi yake vizuri sana hata nikaitangaza madhabahuni. Habari zake sikuzijua.

Kurasa zilizokuwa safi

Miaka michache baadaye nilirudi chuo cha theolojia kwa masomo zaidi. Siku moja maktabani nikaona Rosa Mistika rafuni, safari hii ina jalada. Nikaichukua, na kwa mara ya kwanza nikaisoma kuanzia ukurasa wa kwanza.

Kumbe Rosa haanzi kwa wanaume. Anaanza nyumbani, kisiwani Ukerewe, alikozaliwa Kezilahabi mwenyewe, katika nyumba ya Zakaria na Regina. Zakaria ni mlevi. Regina ni mama mchapakazi na mvumilivu. Rosa ni binti mkubwa, na baba yake anamchunga kwa fimbo. Kijana anamwandikia barua, barua inaangukia mikononi mwa baba, naye anampiga binti kipigo cha kikatili. Kosa lake ni kuandikiwa barua. Tangu hapo Rosa anawaogopa wanaume wote. Anapokwenda shule ya sekondari ya wasichana anajitenga kabisa, na watu wanaomtazama kwa nje wangeweza kudhani kwamba huo ni utakatifu. Lakini si utakatifu, ni hofu. Hakuna aliyemfundisha kumpenda Mungu, kujiheshimu mwili wake, wala kumtambua mwanamume mwema na mwanamume mdanganyifu. Alifundishwa fimbo tu. Kwa hiyo siku fimbo ilipokuwa mbali, na mtu mwenye cheo akaja na maneno matamu, Rosa hakuwa na kitu cha kujikingia. Baadaye, chuoni Morogoro anakosomea ualimu, anajitupa mwenyewe. Kurasa zetu za bwenini ndizo zinazofuata hapo. Kuna kutoa mimba. Kuna mchumba anayemkataa kwa kuwa si bikira. Mwisho Rosa anajiua.

Jina lenyewe linauma. Rosa Mistika, yaani waridi la fumbo, ni jina la sifa ambalo ndugu zetu Wakatoliki humwita Mariamu mama wa Bwana katika litania yao. Mwandishi, ambaye alisoma seminari, alijua alichokuwa akifanya alipompa jina hilo msichana ambaye kijiji kizima kingemwita malaya.

Nilipofunga kitabu nilibaki nimeketi. Nilimwona yule binti wa mtaani amepiga magoti. Nikaelewa kwamba nilimsoma yeye kama tulivyosoma Rosa Mistika bwenini: nilifungua mahali palipolegea. Na nikaona jambo la pili ambalo sikulitazamia. Mvulana anayesoma kwa tamaa na mzazi anayetaka kitabu kichomwe wanasoma kurasa zile zile. Mmoja anazifurahia, mwingine zinamchukiza, lakini wote wawili hawakusoma zile za mwanzo.

Hadithi ya Nathani

Wako watakaosema, "Mchungaji, Rosa hayupo. Ni mtu wa kutungwa. Kwa nini tumlilie mtu asiyekuwapo, na walio hai hatuwalilii?"

Ni swali zuri. Kumbukeni Nathani alivyomwendea Mfalme Daudi (2 Samweli 12). Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumwua Uria. Nathani angeweza kumsomea mashtaka. Badala yake alimsimulia hadithi ya tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja. Daudi alisikiliza hadithi hiyo bila silaha, maana haikumhusu. Moyo wake ukawaka kwa haki ya maskini. Ndipo Nathani alipomwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Kama Nathani angeanza na jina la Uria, Daudi angejitetea. Hadithi ilimpitisha mahali ambapo mashtaka yasingepita.

Nasi tuko hivyo hivyo. Binti wa jirani akianguka, nina mambo mengi ya kulinda: jina la usharika, heshima ya wazee, urafiki wangu na mwenye duka, na binti zangu mwenyewe nisije nikaonekana mlegevu kwao. Lakini kwa Rosa sina cha kulinda. Hakuna atakayenidai sadaka wala kura. Kwa hiyo naweza kumwona mzima, na nikishajifunza kumwona yeye, sina udhuru tena kwa jirani. Martin Luther alilifahamu jambo hili. Mwaka 1530, alipokuwa ngomeni Coburg wakati wenzake wakiikiri imani Augsburg, alitumia sehemu ya muda wake kutafsiri hadithi za Esopo, zile za wanyama, kwa sababu aliona kwamba watu hawaupendi ukweli ukija uso mtupu, bali huupokea ukija katika vazi la hadithi. Na Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano, na watu wa mifano yake si wote watu wema. Yumo wakili mdanganyifu, yumo kadhi asiyemcha Mungu, yumo mwana aliyetapanya mali kwa anasa.

Tena tusisahau yaliyomo katika Biblia tunayoishika. Katika 2 Samweli 13 tunasoma jinsi Amnoni alivyomnajisi dada yake Tamari, jinsi Tamari alivyojitia majivu kichwani na kurarua vazi lake, na jinsi Daudi baba yao alivyokasirika sana. Alikasirika, basi. Hatusomi kwamba alifanya lolote. Roho Mtakatifu hakuona vibaya kuiacha habari hiyo ndani ya Maandiko, pamoja na maneno ya Tamari ya kumsihi kaka yake, ili tumsikie. Ni mahubiri mangapi mmesikia juu ya Tamari huyo? Mimi mwenyewe nilihubiri miaka kumi kabla sijamtaja. Hata Biblia tuna kurasa zake zilizolegea na kurasa zake zilizo safi.

Kuelewa na kuhalalisha

Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: tukiwahurumia wenye dhambi katika hadithi, tutaishia kusema kwamba dhambi si dhambi. Tutasema Rosa hakuwa na kosa, aliumizwa tu.

Sisi Walutheri tuna neno la kusaidia hapa. Katika Mdahalo wa Heidelberg wa mwaka 1518 Luther alisema kwamba mwanatheolojia wa utukufu huita ubaya wema na wema ubaya, bali mwanatheolojia wa msalaba huita jambo kwa jina lake. Huruma ya Mkristo haibadilishi majina. Uzinzi ni uzinzi, na mimba aliyoitoa Rosa ilikuwa uhai. Rosa naye hadanganyiki juu ya mambo yake. Lakini kuita jambo kwa jina lake maana yake ni kuyataja mambo yote, si ya Rosa peke yake. Kipigo cha Zakaria nacho kina jina. Mwenye cheo anayemlaghai mwanafunzi, naye ana jina. Mchumba anayedai bikira huku yeye mwenyewe haulizwi, naye ana jina. Tunapotaja dhambi moja tu kati ya nne, na hiyo ni ya yule asiye na mtetezi, hatujasimama upande wa Sheria ya Mungu. Tumeitumia kupiga.

Katekisimo Ndogo tuliyojifunza kwa kipaimara inatufundisha katika Amri ya Nane kwamba haitoshi kuacha kumsingizia jirani; tunapaswa kumtetea, kumsema vema, na kuyafasiri matendo yake kwa upande ulio mwema. Angalieni kwamba hii ni amri. Kumtafutia jirani maelezo ya haki si ulegevu wa maadili, ni utii. Na hatuwezi kufasiri tusichokisoma.

Sasa nije kwenye sehemu iliyo ngumu kwangu. Kumhurumia Rosa si kazi kubwa. Msomaji yeyote mwenye moyo atamlilia. Kipimo ni Zakaria. Je, huruma hiyo inamfikia na yeye? Kezilahabi hatuachii njia rahisi. Mwishoni anawasimamisha baba na binti mbele ya kiti cha hukumu cha Mungu, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Msomaji analazimika kuwatazama wote wawili kwa pamoja.

Nimejaribu. Namwona Zakaria kuwa mtu aliyeshindwa na maisha, ambaye kitu pekee kilichobaki mkononi mwake ni fimbo, na anayeamini kweli kwamba kwa fimbo hiyo analinda heshima ya nyumba yake. Nimewazika watu kama yeye. Baadhi yao nimeketi nao hospitalini wakilia kama watoto, wakiwaita mabinti ambao hawakuja. Kristo alikufa kwa ajili yao pia, na kama sivyo, sina Injili ya kuwahubiria wala ya kujihubiria.

Lakini naomba nisieleweke vibaya, maana hapa kanisa limeumiza watu. Kumhurumia Zakaria si kumrudisha Regina apigwe. Mara ngapi tumemwambia mama aliyekuja na jicho limevimba, "Vumilia, mama, uzidi kumwombea"? Tunamsifu Regina kwa uvumilivu, na kweli anastahili heshima. Ila riwaya inatuuliza swali la kuchoma: uvumilivu ule ulimwokoa binti yupi? Huruma kwa mtu mkali huanza kwa kumzuia asiendelee kuwadhuru wengine, hata kwa kumfikisha kwenye vyombo vya sheria ikibidi. Kumwacha aendelee ni kumtupa yeye pamoja na wale anaowapiga.

Na juu ya kujiua kwa Rosa niseme kidogo, kwa kuwa zimo familia miongoni mwenu zilizobeba mzigo huo kimya. Tumewahi kuwazika wapendwa wenu haraka haraka, kwa aibu, bila wimbo. Luther alipozungumza mezani na wenzake mwaka 1532 alisema hakubali kwamba watu hao wamepotea kwa hakika, kwa kuwa hawatendi kwa hiari, bali wanashindwa na nguvu ya Shetani, kama msafiri anayeuawa na mnyang'anyi porini. Aliongeza kwamba jambo hilo lisisemwe ovyo, na alikuwa na sababu. Anayesoma haya akiwa na wazo la kujiua nampenda aishi, aje azungumze na mchungaji wake au na mtu anayemwamini leo hii. Lakini wafiwa wajue kwamba mtu aliyevamiwa njiani hatuwi wa kwanza kumlaumu.

Tusomeje, basi

Yule mzazi aliyeniletea riwaya nilimrudishia. Sikumwambia kwamba kila kitabu kinamfaa kila mtu. Mtoto wa miaka kumi hafai kupewa Rosa Mistika, na vipo vitabu vilivyoandikwa ili kuuza uchafu tu, ambavyo ndani yake hakuna mtu hata mmoja, ila miili. Mtume Paulo anatuagiza tuyatafakari yaliyo ya kweli na yaliyo safi (Wafilipi 4:8), na naona kwamba ameyataja ya kweli kwanza. Basi nilimwomba yule baba afanye jambo moja: akisome kitabu chenyewe chote, halafu amwulize binti yake, "Kwa nini unadhani msichana huyu alifika hapa?" kisha anyamaze asikilize.

Alirudi baada ya wiki tatu. Hakuniambia binti alisema nini, nami sikuuliza. Alisema tu, "Mchungaji, sikujua kwamba ananiogopa."

Kwa upande wangu, nimejiwekea utaratibu ninaposoma habari za mwenye dhambi, iwe kitabuni au kwenye faili la baraza la wazee. Kwanza nauliza alitendewa nini, kabla ya kuuliza alitenda nini. Pili, naita kila dhambi kwa jina lake, na kila mwenye dhambi, pamoja na aliyeketi benchi la tatu. Tatu, najitafuta mwenyewe ndani ya habari hiyo. Na mara nyingi sijikuti kwa Rosa, najikuta kwa Zakaria, au kwa wale waliocheka bwenini. Mwisho naomba, kwa sababu mimi niliye mwenye haki kwa neema ni mwenye dhambi vilevile, na hakuna ukurasa wa maisha yangu ambao Mungu hakuusoma.

Katika usharika ninaohudumu sasa, jina la binti likiletwa barazani, tunauliza maswali mawili kabla ya mengine yote: Anaishi na nani? Na yule mwanamume yuko wapi? Si wazee wote walioyapenda maswali hayo. Mmoja aliniambia tunafungua mlango wa dhambi. Nilimjibu kwamba mlango huo ulikuwa wazi siku zote, isipokuwa tulikuwa tunamtoa mtu mmoja tu kupitia hapo. Bado tunajadiliana, na yeye bado ni mzee wa kanisa ninayemheshimu.

Yule binti wa mwanzo sikupata nafasi ya kumwuliza. Mtoto wake sasa lazima awe kijana. Kila Jumapili ninapotangaza ondoleo la dhambi, namkumbuka, na huwa naomba kwamba mahali alipo awepo mtu aliyekaa naye chini akamsikiliza tangu mwanzo.